Maeneo rasmi ya kuogelea yawekwe kwenye ramani, ila si kwa mkupuo

Naunga mkono kwa moyo wote kuweka maeneo rasmi ya kuogelea, ya ziwani, mtoni na baharini, kwenye OpenStreetMap. Ramani hii inachorwa na watu wa kujitolea tangu 2004, na anayetafuta pa kuogelea anastahili kukuta humo mahali ambapo maji yake yanapimwa. Ninachopinga ni kuchukua orodha ya serikali na kuimwaga yote kwa siku moja.

Shida iko kwenye nukta inayoonyesha kila eneo katika orodha hiyo. Umoja wa Ulaya una maeneo rasmi zaidi ya 20,000, na agizo lake la 2006 linataka sampuli za maji zichukuliwe ama pale wanapotarajiwa waogaji wengi zaidi, ama pale panapohofiwa uchafu zaidi. Kwa hiyo nukta iliyo kwenye orodha yaweza kuwa ndipo mpimaji alipochovya chupa yake, karibu na mdomo wa mfereji, ilhali ngazi za kuingilia majini ziko upande wa pili wa ghuba. Ukiinakili jinsi ilivyo, umempeleka mzazi na watoto wake penye hatari kuliko kwingine kote ufukweni hapo.

Ndiyo maana nasisitiza mtu afike, au aulizwe anayepajua. Asome kibao. Achore eneo lililozungushiwa kamba na maboya, aonyeshe ngazi, na kama kuna waokoaji, aandike miezi na saa zao za kazi. Nguzo yenye boya la kuokolea isisahauliwe hata kidogo. Kwangu mimi hiyo ina thamani kuliko jina la ufukwe. Na tafadhali, lebo ya bwawa la kuogelea, yaani neno linaloiambia ramani kitu ni cha aina gani, ni ya bwawa lililojengwa, usiibandike ziwani.

Suala la leseni ni fupi: data kuwa wazi hakutoshi. Hata ile yenye leseni ya Creative Commons BY 4.0, inayoruhusu kila mtu kuitumia mradi ataje chanzo, huombewa ruhusa ya ziada kabla ya kuingizwa.

Halafu kuna ubora wa maji. Wengi wangependa kuandika daraja moja kwa moja kwenye ramani: bora sana, zuri, la kutosha, duni. Mimi nasema hapana. Daraja hilo hutokana na vipimo vya bakteria vya misimu minne, na hupangwa upya kila mwaka. Neno "bora sana" lililosahaulika humo miaka mitatu ni hatari kuliko kutoandika kitu. Andika namba rasmi ya eneo, programu zitafute zenyewe daraja la sasa.

Maeneo mengine hufutwa kabisa. Huko Ulaya, maji yakiwa duni miaka mitano mfululizo, kuogelea hapo hupigwa marufuku au watu hushauriwa wasiingie, tena kwa kudumu. Basi kila eneo liwekewe tarehe lilipokaguliwa mara ya mwisho, ili msimu ukipita bila mtu kufika, mchoraji mwingine ajue pa kuanzia.