Kompyuta ikikisia mfuko wa mama mboga, nani anajibu ikikosea?

Juzi nilikuwa saiba nangoja kuprinti, kando yangu kijana anamjazia mzee fomu ya SHA, bima ya afya ya serikali hapa Kenya. Anamsomea maswali kwa sauti, ukuta wa nyumba ni wa nini, sakafu ni simiti ama udongo, mnapikia kuni ama gesi, choo ni cha aina gani, mna mifugo, mnaishi watu wangapi. Mzee anajibu polepole kama mtu yuko kizimbani. Mwisho kiasi cha kulipa kikatokea kwa skrini na mzee akauliza, "hiyo wametoa wapi?" Kijana hakuwa na jibu, na kusema ukweli si kazi yake kuwa nalo.

Hilo swali limenikaa kichwani. Kwa wale hawajafuatilia, SHA ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, Oktoba 1, 2024. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 na mambo yanaisha, lakini fundi, mama mboga, mkulima na mtu wa boda hawana payslip, kwa hivyo fomula inachukua majibu yao, inakisia mapato ya nyumba, halafu inatoa hiyo asilimia kwa makisio, na hakuna kwenda chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kuna watu watasema hii si akili unde (AI), ni hesabu tu. Sawa, lakini kwa yule mzee tofauti iko wapi? Mashine imekisia maisha yake na uamuzi umetoka. Na Machi 2025 serikali ilizindua mkakati wa AI wa 2025 hadi 2030, kwa hivyo makisio ya aina hii tutayaona kwa ofisi nyingi, tuamue mapema tunayataka vipi.

Mimi siko kati ya wale wanasema mashine itolewe kabisa. Chini ya NHIF mtu amejiajiri alikuwa analipa 500 kwa mwezi, mwenye hardware ya orofa mbili 500 na mama wa sukuma kando ya barabara 500, hiyo haikuwa haki. Na ukisema watu waamue badala ya kompyuta, watu gani? Kwetu kijijini nakumbuka orodha ya chakula cha msaada, unga uliingia kwanza kwa nyumba zenye ukoo na wale waliokuwa wanaandika majina, na mama mmoja alikuwa na watoto wanne hakuandikwa kwa sababu tu walikuwa wamekosana na mwandishi kuhusu mpaka wa shamba. Fomula haina shemeji, haiombi ya chai, na mtu wa Lodwar na wa Kiambu inawauliza maswali yale yale. Hiyo ni faida kubwa na tusiidharau.

Shida ni hii, nyumba inaeleza ulikuwa nani wakati ulijenga, haielezi uko na ngapi leo. Chukua mjane anaishi kwa nyumba ya mawe mzee wake alijenga wakati ana kazi, sakafu simiti, gesi iko hapo jikoni lakini mtungi ni mtupu tangu mwaka jana. Kwa fomula huyu anaonekana ana uwezo. Jirani yake ana nyumba ya udongo na lori mbili za mchanga, kama hakuna swali la lori basi ametoka maskini. Na pesa ya kibarua haina mwezi, msimu wa kuvuna inaingia, Aprili hakuna kitu.

Australia ilijifunza hili vibaya. Mradi wao ulijulikana kama Robodebt, kompyuta ilichukua mapato ya mwaka mzima ya mtu ikayagawa sawasawa kwa kila wiki mbili, halafu ikamdai arudishe ruzuku aliyopata wiki ambazo kweli hakuwa na kazi. Mwaka 2020 serikali ikakubali kurudisha dola milioni 721 za kwao, madeni 470,000. Uholanzi ndio mbaya zaidi, mamlaka ya kodi ilitumia mfumo wa kupima nani anaweza kuwa tapeli kwa ruzuku ya malezi ya watoto, na kutokuwa na uraia wa Uholanzi kukahesabiwa kama dalili. Maelfu ya wazazi wakadaiwa pesa hawakuwa nazo. Serikali ya waziri mkuu Mark Rutte ilijiuzulu Januari 2021 kwa sababu hiyo. Na hizo ni nchi zenye mahakama imara na wanasheria wa kutosha, mzazi alipiga simu, akaandika barua, na kila ofisa akamwambia sistimu ndio imesema.

Hapo ndipo demokrasia inaumia. Chifu akikuonea unamjua, unaweza kumfuata barazani umuulize mbele ya watu, lakini sistimu haina baraza. Katiba yetu kifungu cha 47 inasema uamuzi wa serikali ukikuumiza una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inasema usiamuliwe na mashine peke yake kwa jambo zito, na unaweza kuomba uamuzi mpya. Ila kifungu hicho hicho kina mlango wa nyuma, kama kuna sheria inaruhusu basi mashine inaweza kuamua, mradi sheria hiyo imeweka kinga za kutosha. Hizo kinga ndizo wabunge wetu wangekuwa wanapigania.

Kuna hoja moja ya wataalamu naiheshimu, kwamba fomula ikiwekwa wazi watu wataficha ng'ombe kwa jirani. Ni kweli wengine wataficha. Lakini kati ya ng'ombe wachache waliofichwa na mjane analipishwa asichokuwa nacho bila kuambiwa kwa nini, mimi nachagua ng'ombe wafichwe, huyo unaweza kumtafuta baadaye.

Kando ya kile kiasi kwa skrini ya saiba ningetaka mistari mitatu tu kwa Kiswahili: ni majibu gani yamepandisha kiwango chako, ukiona si kweli nenda ofisi gani hapa hapa kaunti ndogo, na ofisa huyo ana siku ngapi kukujibu akiwa na mamlaka ya kubadilisha hiyo namba. Yule mzee angesoma hapo hapo, miwani alikuwa nayo mfukoni.