Wanaume na Wanawake katika Utafiti wa Vinasaba: Wachanganywe au Watenganishwe?

Mtafiti anayesaka vinasaba vinavyochangia unene, kisukari au jongo hana budi kuamua mapema kama atawachambua wanaume na wanawake kwa pamoja au kila kundi peke yake. Desturi imekuwa kuwachanganya, kisha tofauti ya jinsia ikasawazishwa kihesabu, kama inavyofanywa kwa umri.

Wanaodai utengano wana ushahidi mzito. Katika UK Biobank, hazina ya takwimu za Waingereza wapatao 500,000, vinasaba vinavyoathiri kiwango cha testosteroni kwa wanaume karibu havina uhusiano na vile vinavyokiathiri kwa wanawake, hivyo wastani wa pamoja haumwelezi mtu yeyote. Kwa asidi ya yuriki, chanzo cha jongo, jeni (yaani kinasaba) ya SLC2A9 ina nguvu zaidi kwa wanawake, ilhali ABCG2 ina nguvu zaidi kwa wanaume.

Hata hivyo, anayegawa sampuli hujipunguzia uwezo wa kuona athari ndogo, nazo ndizo nyingi. Isitoshe, jeni kuvuka kizingiti cha takwimu, yaani kiwango cha uhakika kinachotakiwa, kwa wanawake na kutokivuka kwa wanaume hakuthibitishi tofauti yoyote. Lazima athari hizo mbili zilinganishwe moja kwa moja, jambo linalodai sampuli kubwa mno. Nadhani tofauti nyingi zinazotangazwa kwa shangwe zingeanguka hapo. Kwa urefu wa mwili, ambao vinasaba vyake hufanana sana kwa jinsia zote, sioni faida ya kugawa.

Nisichoweza kukitetea ni mazoea ya kuiacha kromosomu ya X nje ya uchambuzi, eti hesabu zake ni ngumu kwa kuwa mwanamume anayo moja na mwanamke mbili. Huko Kilifi, Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu na ambacho jeni yake imo katika X, uliona kinga dhidi ya malaria kali kwa wasichana wenye nakala moja yenye kasoro, lakini si kwa wavulana wenye upungufu huo. Kila seli ya msichana huzima X moja, kwa hiyo damu ya mwenye nakala moja yenye kasoro huwa na mchanganyiko wa chembe nyekundu zenye upungufu na zisizo nao. Mvulana hana mchanganyiko huo, na kumweka katika fungu moja na msichana huyo kungeificha kinga yenyewe.