Begi Linalotikiswa Kama Nazi

Ramadhani ya 2014, wiki chache baada ya ule mripuko wa Juni pale Darajani, Unguja, karibu na msikiti, uliomuua mtu mmoja na kujeruhi wengine, nilikuwa nimekaa ndani ya gari ya Bububu inayopakia. Wakati huo gari bado zikipakia hapo hapo Darajani. Saa kumi na moja jioni, saumu imekaza, kila mtu anawahi futari. Bibi mmoja aliyekaa mkabala na mimi akainama, akauliza kwa sauti ndogo, "Wanangu, begi hili la nani?" Begi dogo jeusi, limesukumwa chini ya benchi, zipu imefungwa. Ndani kitu kilikuwa kikitetemeka, kikinyamaza, halafu kikitetemeka tena.

Neno "bomu" sijui lilitoka mdomoni mwa nani. Anayezijua zile gari za mbao anajua kwamba mlango ni mmoja tu, nyuma, na njia ya kuufikia ni magoti ya wenzako. Watu kama ishirini tulitaka kutoka kwa pamoja. Bibi alisukumwa akaangukia ubavu, pakacha lake la mihogo likamwagika mlangoni, na waliofuata wakawa wanateleza juu ya mihogo. Tulipofika chini, badala ya kwenda zetu, tuligeuka tukasimama kutazama. Muuza tende akaacha meza yake akaja. Wachukuzi wakaja. Katikati ya duara lile utingo, kijana tu, akapanda ndani, akalitoa lile begi, akalisogeza sikioni na kulitikisa, kama mtu anayechagua nazi.

Viatu vya sikukuu pea mbili, na simu. Mwenyewe alikuja mbio kutoka upande wa sokoni, anahema: "Vya wanangu hivyo, jamani!" Tulicheka mpaka Bububu. Lakini ukipiga hesabu, siku ile majeruhi alikuwepo, bibi wa watu mkono umemvimba, na bomu halikuwepo.

Kila mazungumzo ya usalama yakianza hapa kwetu, yanaishia kwenye kamera, mashine za kukagua mizigo bandarini na askari wa kusimama getini. Sina ugomvi na hayo. Ila hayo ni ya kuzuia. Mimi nauliza habari ya pale ambapo kuzuia kumeshindikana, kitu kimeripuka ndani ya gari au kwenye ngazi ya boti pale bandari yetu ya Malindi, na wataalamu wa mabomu na gari ya wagonjwa bado wako njiani. Hapo nani yupo? Yupo utingo. Yupo muuza tende. Basi hao ndio wanaotakiwa kufundishwa, kabla ya kununua mashine nyengine.

Na tusiambiane kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Mei 2014 mabomu yaliripuka ndani ya mabasi mawili barabara ya Thika, Nairobi, na watu wakafa. Hapo ni jirani.

Ulaya nako wana la kutufundisha, hasa walipokosea. Julai 7, 2005, London, treni tatu za chini ya ardhi ziliripuliwa kabla ya saa tatu asubuhi, na mwanzoni baadhi ya wahusika walidhani ni hitilafu ya umeme. Haijatimia saa moja, bomu la nne likaripuka ndani ya basi. Walikufa watu 52. Uchunguzi wa jaji Heather Hallett, uliomalizika 2011, uliichambua asubuhi ile dakika kwa dakika: redio za waokoaji zilizoshindwa kufanya kazi huko chini, vifaa vya huduma ya kwanza visivyokuwepo, abiria waliofunga majeraha ya wenzao kwa tai na mikanda yao ya suruali. Lile basi la bomu la nne, walimofia abiria 13, liliripuka mbele ya jengo la chama cha madaktari. Madaktari waliokuwa ndani walitoka wakaanza kazi na walichokikuta, meza zikageuzwa machela. Bahati kama hiyo huiombi mara mbili, na mbele ya stendi zetu hakuna jengo la madaktari.

Kisa kinachonirudisha kwenye lile begi letu ni cha Madrid. Machi 11, 2004 mabomu kumi yaliripuka katika treni nne na kuua watu zaidi ya 190. Waokoaji walikusanya mizigo ya abiria, na begi moja likapelekwa pamoja na mengine mpaka kituo cha polisi cha Vallecas. Lilikaa humo hadi usiku, ndipo lilipofunguliwa kwa ajili ya kuorodhesha mali. Ndani mlikuwa na baruti na simu, bomu ambalo halijaripuka. Lilikuwa limebebwa, limetupwa juu ya mizigo mingine, limehamishwa. Mbebaji alikuwa askari mwenye mafunzo, si utingo wa Bububu.

Kwa hiyo kanuni ya mwanzo ni nyepesi: usilishike. Ugumu uko kwenye kujua wakati gani wa kuogopa. Polisi wa reli Uingereza wana maswali matatu: kimefichwa? Kina dalili ya wazi ya kutia shaka? Ni kitu cha kawaida mahali hapa? Swali la tatu ndilo linalotufaa, maana jibu lake lazima litoke kwa mwenyeji. Pakacha la mihogo limeachwa peke yake kwenye kituo cha treni London, huenda watafunga kituo. Hapa ni bibi kaenda kununua chumvi. Boksi lililofungwa kamba, polo la mbatata, dumu la mafuta ya nazi, vyote hivi Malindi ni kawaida kama kunguru. Begi la zipu lililosukumwa chini ya benchi si kawaida. Na anayejua tofauti hiyo kwa jicho moja tu, kuliko askari yeyote, ni utingo na mchukuzi.

Na ikiwa limeripuka? Mripuko mdogo ndani ya gari iliyofungwa una madhara makubwa kuliko ule ule uliotokea uwanjani, kwa sababu ule mgandamizo wa hewa unagonga ukuta na kurudi. Unapasua ngoma za masikio, unaumiza mapafu. Ndiyo maana unaweza kumpigia kelele mtu "toka, toka!" na yeye anakutazama tu. Hasikii. Mshike mkono, muoneshe njia. Na yule anayetembea mwenyewe, hana hata mkwaruzo, lakini anahema, asiachiwe arudi nyumbani. Mapafu yanaweza kumgeukia baadaye.

Anayevuja damu hasubiri gari ya wagonjwa. Kanga inatosha: ikunje, ikandamize juu ya jeraha kwa uzito wako wote, usiinue kila mara kuchungulia. Ikiwa ni mkono au mguu na damu haikatiki, funga kwa nguvu si juu ya jeraha lenyewe bali mbele yake, upande wa kiwiliwili, kumbuka saa uliyofunga, na usifungue mpaka hospitali. Mtu mmoja apige 112, namba ya dharura. Mmoja, si wote arubaini, kwani mtandao ukizidiwa hata anayetakiwa kupiga hapati.

Wengine waondoke. Hili ndilo litakalotushinda, maana sisi kwa kutazama hatujambo. London lile la basi lilikuja baada ya yale ya treni, na duara la watazamaji ndilo shabaha rahisi kuliko zote. Lakini kuondoka nako kuna namna yake. Septemba 2017, kituo cha Parsons Green, London, ndoo yenye bomu iliyowekwa ndani ya mfuko wa dukani iliripuka nusu nusu ndani ya treni. Hakufa mtu. Miongoni mwa walioumia, wapo waliokandamizwa ngazini wakikimbia. Niliposoma habari ile nilimkumbuka bibi na mihogo yake.

Atakayesema matingo hawafundishiki, namrudisha Septemba 10, 2011, usiku wa manane, meli ya MV Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba. Wavuvi wa Nungwi hawakungoja barua ya mtu, waliingia baharini. Moyo tunao. Siku mbili za mafunzo ya Zimamoto na Msalaba Mwekundu, zikaunganishwa na leseni ya gari ya abiria, sioni kwamba ni mzigo kwa Serikali.

Wiki iliyopita nilipanda mbele, ubavuni mwa dereva. Juu ya dashibodi limefungwa kisanduku cheupe chenye msalaba mwekundu uliopauka. Nikamuomba utingo anifungulie nione. Akafungua. Balbu mbili za taa, kitana, kipande cha sabuni, na noti za elfu moja zimefungwa mpira.

"Bendeji ziko wapi?" nikamuuliza.

"Mzee, hizo zilikuja na gari," akasema, akagonga bati mara mbili, tukaondoka.