Usimuue mhusika kama huna nia ya kukaa msibani

Hadithi nyingi nnazosoma skuhizi kwenye magrupu ya WhatsApp zina ugonjwa mmoja. Mwandishi akifika katikati na hajui tena amfanye nini mume wa mtu, anampakia kwenye gari, gari inapinduka, inna lillahi, itaendelea. Jamani hapana. Huko si kuandika kifo, huko ni kumtafutia mtu mlango wa kutokea kwa sababu wewe umechoka nae.

Na kuchoka hakutoshi. Arthur Conan Doyle wa Uingereza alichoka na Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi zake, akitaka muda wa kuandika riwaya za historia, mwaka 1893 akamtumbukiza kwenye maporomoko ya maji kule Uswisi. Wasomaji wakahamaki vibaya sana, na 1903 ikabidi amrudishe akiwa mzima eti hakufa. Sasa mtazame Mohammed Said Abdulla wetu wa Unguja, kwenye Mzimu wa Watu wa Kale maiti inaonekana mapema tu na hapo ndo Bwana Msa, mpelelezi wake, anapata kazi, kila anaeulizwa ana lake alilolificha, ukiitoa ile maiti hakuna kitabu.

Kwahiyo mie kipimo changu ni waliobaki. Kabla hujamuua, jaribu kumsafirisha Muscat. Kama hadithi inakwenda vilevile basi mwache huko huko apige simu Idd, kifo chake hakina kazi.

Kinachoniuma zaidi ni msiba wenyewe kurukwa. Mume kazikwa Ijumaa, ukigeuza ukurasa mjane yuko sokoni Darajani anachagua vitenge na kijana mpya, na mwandishi wala hajashtuka! Msomaji wa Wete kule Pemba hapo hapo anajua kadanganywa, eda ya aliefiwa na mume ni miezi minne na siku kumi na kila mtu mtaani anaihesabu. Sisemi mjane asitoke, mtoe, lakini utoe na mawifi wanaokuja juu, na mama mkwe asomtazama usoni, na mwenye duka anaekuja na daftari la deni anaona haya kulifungua. Na kama marehemu ana shamba la mikarafuu ndo kabisa, ndugu wanaanza kuulizana mikarafuu ya nani hata hitma haijasomwa. Hapo hadithi imenona na wewe unakimbilia harusi.

Wapo wanaosema kifo ni ghafla tu, hakina hodi. Kweli, sie wa visiwani hatuhitaji kuambiwa, Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama usiku ikielekea Pemba na majumba mangapi yalifunguka kwa kilio asubuhi ile. Lakini kwa waliobaki jambo halikwisha siku ile, miaka imepita na bado kuna watu wakifika bandarini wanabadilika. Basi muue ghafla ukitaka, ila usimalize ghafla.

Na yule mbaya wa hadithi, hasa yule alodhulumu mali ya mayatima, msiwe na haraka ya kumpiga radi mwishoni, akifa vile hajalipa kitu. Mwacheni aendelee kuishi mtaa ule ule na watu washajua alichofanya, apite barazani atoe salamu aitikiwe nusu, aende kuposa akataliwe. Andikeni hivyo japo sura mbili muone wasomaji watasemaje.