Nyani Aliyekula Firigisi Yangu

Ukikaa mji ulio na mbuga, watu wa nyumbani wanadhani wewe asubuhi unakunywa chai na simba. Mimi nimekaa Nakuru miaka kumi na moja, Section 58, na kila nikienda ushago Kakamega lazima mtu aniulize habari ya wanyama, na badala ya kusema ukweli kwamba hiyo mbuga sijawahi ingia hata siku moja, nimeionea tu nje ya ua nikipita, mimi nilikuwa naongeza chumvi. Eti flamingo wamejaa mpaka maji ya ziwa hayaonekani. Eti simba nawajua kwa sura. Halafu krismasi moja nikiwa nimeshiba vizuri nikamwambia Senje, dada mkubwa wa marehemu baba, kwamba akikuja Nakuru nitampeleka aone ndovu karibu mpaka amhesabie kope.

Basi Senje akakuja. Agosti, shule zimefungwa, simu inalia: "Baba, tumepita Kericho, kuja unichukue steji." Akashuka na kikapu, ndani jogoo mzima, amefungwa miguu na kamba ya katani, ametoa kichwa nje anaangalia mji kama mtu amekuja kutafuta ploti.

Jogoo alichinjwa Ijumaa jioni. Sasa kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, hiyo haina mjadala, hata mtoto mdogo anajua akigusa imondo ya baba amejitafutia. Lakini Senje akasema hapana, hii haitaliwa leo, tutabeba, baba ataila kesho mbele ya ndovu. Mama watoto akaniangalia. Yeye alikuwa anajua. Mimi nikaangalia ukuta.

Mpango ulikuwa tufike getini saa kumi na mbili asubuhi likifunguliwa, kwa sababu hata mimi nisiyejua kitu nilikuwa nimeambiwa simba ni wa mapema, jua likipanda anatafuta kivuli analala na hutaona hata sikio. Lakini Senje alikuwa ameamua kupika chapati, na chapati za Senje haziharakishwi, kila moja inasukumwa mara mbili. Tukatoka saa tatu na nusu. Gari ni Probox ya kuazima kwa jirani, Senje mbele na mwavuli wake, mama watoto na watoto wawili nyuma, hotpoti mbili katikati zimefungwa mkanda kama abiria.

Getini nikatoa pesa, noti nimezifunga na raba. Askari akaniangalia kwa huruma. "Bosi, hatuchukui keshi. Unalipa kwa eCitizen." Akaunti ya huo mtandao wa serikali ninayo, nywila ndio sina, mara ya mwisho nilikuwa nalipia leseni. Nikabonyeza, nikakosea, nikabonyeza, nikakosea, mpaka kijana wangu wa gredi ya saba akaninyang'anya simu kwa adabu, na kabla nimalize kujitetea alikuwa amelipa.

"Sawa. Vitambulisho."

Senje akaingiza mkono kifuani, akatoa kitambaa, ndani ya kitambaa kitambaa kingine, ndani ya hicho kitambulisho kinang'aa. Mama watoto akatoa chake. Mimi nikapapasa mfuko wa shati, wa suruali, wa nyuma, nikarudia wa shati. Kiko kwa meza nyumbani, nakiona kabisa kwa akili kimekaa juu ya rimoti. Na bila hicho unaweza kuhesabiwa mgeni wa kutoka nje, na bei ya mgeni wa kutoka nje ni ya kuuza ng'ombe. Nikaanza kumwongelesha askari Kiswahili kingi kingi ndio aone mimi ni wa hapa, hata nikamtajia chifu wetu. Haikusaidia. Ikabidi nipigie jirani mwenye ufunguo wa spea, boda akakileta, mia tatu, na tukingoja Senje akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa magari ya nyuma, "Na ulisema hapa wanakujua."

Na maji tukaacha hapo. Nilikuwa nimenunua dazeni ya chupa, kumbe plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa mbugani tangu Juni 2020. Tukabaki na thamosi ya chai.

Kizuizi kinainuliwa tu, Senje akashusha kioo. "Mwanangu, ndovu wako upande gani?"

"Mama, hapa hakuna ndovu."

"Leo?"

"Hata kesho. Ndovu enda Amboseli, ama Mara. Hapa utaona vifaru."

Senje akageuza shingo pole pole mpaka macho yakanifikia. Nikasema, "Wamehama." Na yule askari, mwanaume mwenzangu, badala ya kuninyamazia akaongeza, "Mbuga yote imezungushiwa ua ya stima mama, watahamia wapi?"

Tukaingia kimya. Waliohama kweli walikuwa flamingo. Ziwa lilianza kupanda miaka ya 2010 hivi, likameza barabara na hata geti kuu la zamani, ukipita unaona miti imekufa imesimama ndani ya maji kama nguzo za stima, na maji yakiongezeka chumvi inapungua, kile chakula chao cha majini kinapungua, wengi wakaenda zao Ziwa Bogoria. Binti yangu wa miaka sita aliweza kuwahesabu. Walikuwa kumi na wanne, na mmoja ambaye hakuwa na uhakika naye.

Vifaru lakini viliniokoa. Viwili, wapole, vinakula nyasi karibu na barabara. Kijana akasema hawa ni vifaru weupe, na Senje akauliza weupe wako wapi, huyu si ni rangi ya simiti? Kijana akaeleza kwamba si mambo ya rangi, uangalie mdomo, mweupe ana mdomo mpana wa kufyeka nyasi na mweusi ana mdomo umechongoka wa kuvuta majani, na hapa Nakuru wote wako. Senje akafurahi, akapiga makofi kidogo, nikaona nimesamehewa. Simba tulionyeshwa na gari lingine: mkia, chini ya mti, ukafukuza nzi mara moja ukarudi kulala. Ile saa ya chapati ndio aliamka.

Sasa mahali tuliposimama kula panaitwa Baboon Cliff. Yaani mwamba wa nyani. Jina limeandikwa, mimi nasoma, nina cheti, na bado ndio mahali nilichagua kufungua kuku. Kujitetea tu, pale mtu anaruhusiwa kushuka, na ziwa lote unaliona chini. Senje akatandika leso juu ya ukuta wa mawe, akapanga, akafungua hotpoti ya kuku, na juu kabisa alikuwa ameweka firigisi yangu peke yake juu ya kipande cha chapati, kama harusi. Mimi kazi yangu ilikuwa kuangalia nyani. Nikaangalia simu, napiga selfi.

Alikuja akitembea. Hakukimbia hata. Dume, mabega mapana, anatembea kama landilodi tarehe tano. Akapanda ukuta, akakaa, akachungulia ndani ya hotpoti. Akaacha paja. Akaacha kifua. Akanyoosha vidole viwili akatoa firigisi, akainusa, akaniangalia mimi, mimi kabisa, katikati ya watu watano, halafu akaitia mdomoni akatafuna bila haraka.

"Hiyo ni ya baba!" Senje akachukua mwavuli.

Nilimwambia, "Senje rudi kwa gari!" na hapo ndio niligundua mimi niko ndani ya gari tayari. Sijui niliingiaje. Milango nimefunga yote na mama watoto anagonga kioo na watoto amewashika mkono huku na huku. Nje Senje anamwambia nyani mambo ya Kiluhya ambayo siwezi andika hapa, anapiga ukuta na mwavuli, pa! pa!, na nyani akatoa meno, mtu yeyote akiona yale meno anakumbuka dhambi zake, Senje akatoa yake pia. Mwishowe dume likakumbatia hotpoti nzima likashuka nayo miambani, mchuzi unamwagika nyuma yake, na wadogo zake wanamfuata wakilamba mawe.

Kilichobaki ni kifuniko.

Kando yetu kulikuwa na gari la watalii, wamepiga picha kila kitu. Dereva wao akaja kwa dirisha langu, nikashusha kidogo tu. "Bosi," akasema, "nyani huogopa mwanaume kuliko mwanamke. Ungeshuka wewe."

Tulikula chapati kavu na chai, vioo vimefungwa, saa saba mchana, jua la Agosti, hakuna anayeongea isipokuwa binti yangu aliyeuliza kama sasa nyani ndiye baba.

Kifuniko kiko Kakamega. Senje amekitundika sebuleni karibu na kalenda, na mgeni akiuliza anaelezwa yote kuanzia noti za raba, isipokuwa siku hizi kwenye hadithi nyani wamekuwa watatu na mimi nililia. Sikulia. Desemba anataka Amboseli, ameshaanza kulisha jogoo mwingine, na jana alipiga simu saa kumi na moja alfajiri kuuliza kitambulisho changu kiko wapi.