Mwaka mpya wa jiografia: Wajerumani wana ratiba, sisi tuna vuli

Kila Oktoba sisi Watanzania tulio Ujerumani huwasimulia wadogo zetu jinsi idara za jiografia za huku zilivyojaa kompyuta na vyombo. Tunasifia visivyo. Mwaka wa huku hufunguka vizuri kwa sababu kazi ya kuchosha imeshamalizwa kabla mwanafunzi hajakanyaga darasani, na hilo halihitaji fedha nyingi.

Muhula wa baridi huanza rasmi tarehe 1 Oktoba, ila vipindi kwa kawaida huanza katikati ya mwezi. Wiki hizo za mwanzo si likizo. Semina na safari za fildi zina nafasi za kuhesabika, na anayengoja kipindi cha kwanza ndipo aulize hukuta safari ya Juni imejaa. Wageni wengi pia hudhani ukishajisajili kozi umejisajili na mtihani wake. Vyuo vingi hutenganisha hayo mawili: ukisahau la pili, utahudhuria hadi Februari na jina lako halimo kwenye orodha ya mtihani. Hakuna CR (mwakilishi wa darasa) wa kukukumbusha kwenye grupu. Na ratiba ikiandikwa saa 4 "c.t.", mhadhiri anaanza saa 4 na robo, "s.t." ni saa 4 kamili.

Nyumbani wiki ya kwanza tunaijua: namba ya malipo haijatoka, bumu (pesa ya mkopo wa wanafunzi) halijaingia, usajili umesogezwa mbele. Mhadhiri anakuta darasa nusu, anaahirisha. Wiki tatu zimekwenda. Uchungu wenyewe ni kwamba wiki hizo ndizo vuli inapoingia Dar es Salaam. Huku Oktoba ni manyunyu na jioni zinazowahi giza, fildi kubwa inangoja kiangazi. Dar maji yanajaa Jangwani, kingo za mto Msimbazi zinaliwa, na wanajiografia wako kwenye foleni.

Cha kuiga kutoka huku ni folda ya data. Siku ya kwanza ya mazoezi ya ramani, mwanafunzi anapewa faili zilizokwisha kukaguliwa, zote kwenye mfumo mmoja wa viwianishi, yaani namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani. Kwetu ramani nyingi za zamani za 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa zamani wa Arc 1960, ilhali simu inatoa WGS84, mfumo wa GPS. Ukivipandanisha bila kubadili, kila kitu kinahama takriban mita 300, na kipindi cha saa mbili kinaisha watu wakilaumu programu. Walio Dodoma wana mtego wao: mji uko ukanda wa 36 wa UTM (mfumo unaoigawa dunia kwa kanda na kupima kwa mita), Dar uko wa 37. Chukua vipimo vya mita vya Dodoma, viandike ni vya ukanda wa 37, uone mji unavyohamia Bahari ya Hindi. Msaidizi mmoja wa maabara akikaa siku tatu mwezi Septemba, yote hayo yanakwisha.

Hizo wiki tatu za usajili nazo zingetumika kupima mvua. Kipimamvua kilichozoeleka kwetu kina mdomo wenye upana wa inchi 5, nao hukaa sentimita 30 juu ya ardhi. Milimita 1 ya mvua ni mililita 12.7 za maji. Cha Kijerumani kina mdomo wa sentimita za mraba 200, kinakaa mita 1 juu, na milimita 1 ni mililita 20. Kwa hiyo ukiletewa msaada wa kipimamvua cha huku, usitupe bilauri yake ya kupimia. Ukipimia kwa ya kwetu, mvua ya milimita 10 itasomeka karibu 16.

Hakuna kipimamvua? Chupa ya maji ya lita moja na nusu inatosha. Kata shingo, igeuze iwe faneli, ifunge kwa selotepu. Pima upana wa mdomo mpya: ukiwa sentimita 9, milimita 1 ya mvua ni mililita 6.4. Usipime kina kwa rula, kwa sababu kitako cha chupa kina mabonde. Mimina maji, yavute kwa bomba la sindano la duka la dawa, gawa mililita hizo kwa 6.4 upate milimita. Mwembe wa mita 8 uwe mbali mita 16, la sivyo unapima matone ya majani.

Kusoma ni saa 3 asubuhi, kila siku, hata Jumapili. Hapa ndipo daftari nyingi huharibika: maji ya asubuhi hii yalinyesha hasa jana, huyu anaandika tarehe ya leo, yule ya jana, na mwezi mzima haulingani. Kubalianeni siku ya kwanza, mwandike kanuni hiyo ndani ya jalada. Wakiwepo kumi tu waliokwisha kusajiliwa, hao kumi wanatosha kuanza.