Watoto wakubwa nao wafundishwe kucheza na mbwa

Ukimuuliza mzazi hapa kwetu kamfundisha nini mtoto kuhusu mbwa atakujibu nimemwambia asimsogelee mbwa asiyemjua, basi, na hayo mtoto kaambiwa akiwa na miaka minne mitano. Akifika 12 au 13 tunaona huyu kashakua, tena ndo anapewa kazi ya kumpelekea mbwa ugali na dagaa na kumfungulia usiku. Mimi naona hapo ndo tunapokosea kabisa, maana yule mdogo mbwa akimsogelea analia anakimbilia kwa mama, ila huyu wa kidato cha pili anapigana naye mieleka.

Nasema haya kwa sababu yametokea nyumbani kwangu, hapa Moshi. Mtoto wa dada yangu, miaka 14, alikuja likizo. Mbwa wetu Simba ni mpole, kakulia hapa hapa, na kila jioni walikuwa wanaviringishana uani, kijana anamkaba shingo, anamfunika fulana kichwani, anampiga-piga mashavu ili achangamke, na sisi wakubwa tumekaa kibarazani tunaangalia tunafurahi. Siku hiyo Simba alinguruma. Kijana akadhani mchezo ndo umekolea akazidi kumbana chini, akang'atwa mkono karibu na kiwiko.

Lakini kilichonitisha sio meno, ni kwamba alificha. Siku mbili anashinda na sweta kwenye jua kali, anaogopa kugombezwa na anaogopa zaidi tutamuua mbwa. Nimekuja kuona jeraha anafua nguo. Nikakimbilia kadi ya Simba, chanjo imepitiliza miezi mitatu, kosa langu mimi mwenyewe, na kituo cha kwanza tulichoenda dawa hakuna ikabidi tuzunguke hadi jioni. Aisee sitaki kurudia siku ile. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu karibu hakuna anayepona, na kinga yake ni kuwahi tu, kuosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 halafu moja kwa moja hospitali kuanza sindano. Sasa mtoto aliyeficha siku mbili anawahi saa ngapi? Shirika la Afya Duniani linasema katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaodhaniwa wana kichaa, 4 hivi ni watoto chini ya miaka 15. Kwa hiyo la kwanza kabisa kumwambia kijana ni hili: ukikwaruzwa ukang'atwa njoo useme, hutagombezwa, wala mbwa hatauawa. Na ukisema hivyo utimize, maana ukimpiga siku anayokuja kusema, siku nyingine haji.

La pili ni mchezo wenyewe. Watoto wa mbwa wanachezeana kwa meno, wanashikana shingoni kwenye manyoya mazito na ngozi iliyolegea, hawaumizani sana. Ngozi yetu haina hayo, na ukimfundisha mbwa kwamba mkono wa mtu ni kitu cha kung'ata hawezi kujua kwamba mkono wako sawa ila wa mdogo wako hapana. Ndo maana mieleka nimeipiga marufuku, pia ile ya kukimbia mbwa akufukuze, kwa sababu mbwa akizoea kufukuza anayekimbia kesho anamfukuza mtoto wa jirani anayeenda dukani. Kuna mpira wa kurusha, kuna kamba ya kuvutana. Kamba iwe ndefu mkono ukae mbali na mdomo, na mbwa afundishwe neno moja la kuachia, siku zote neno lile lile, akiachia apongezwe, meno yakigusa ngozi mchezo umekwisha hapo hapo na kijana anaondoka kimya bila kumpiga.

Kumsoma mbwa ndo kazi kubwa. Watu wengi wanaamini mkia ukitikisika basi kafurahi, sio kweli, mkia unaweza kutikisika huku mwili umekakamaa kama ubao. Anayetaka mchezo mwili unakuwa laini, anainamisha kifua chini makalio yanabaki juu. Aliyechoka anageuza uso, analamba pua, anapiga miayo na hana usingizi, weupe wa jicho unaonekana pembeni. Akinguruma kasema kwa lugha yake niache, na usimpige kwa kunguruma, ukimzoesha kunyamaza ipo siku atang'ata bila kutoa taarifa.

Halafu wageni. Rafiki zake wakija mbwa afungiwe kwanza, sio kumwachia awarukie ili watu wacheke wanavyokimbia. Majirani zetu wengi ni Waislamu, mate ya mbwa kwao ni najisi, mtoto akilambwa inabidi ajitwaharishe, na kijana mwenye mbwa anatakiwa kulijua hilo na kuliheshimu.

Mwaka huu kijana karudi, ana miaka 16, kovu lipo. Nimemfundisha kila baada ya dakika chache aachie kamba, asimame, mikono chini, asimwite, aone mbwa mwenyewe anataka nini. Juzi jioni kafanya hivyo, Simba akaenda zake akalala chini ya mparachichi, na kijana akaizungusha kamba mkononi akaingia ndani.